Sheria ya lugha ipo, mbona Inuktitut inapungua? Jibu kwa muuguzi wa Iqaluit

SWALI: Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na sasa nafanya kazi Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, kaskazini mwa Kanada. Wodini nakutana na bibi anayejua Inuktitut tu, lugha ya Wainuit wenyeji wa huku, na mjukuu aliyemleta anamwelewa vizuri lakini anamjibu kwa Kiingereza. Nilipouliza nikaambiwa lugha yao ina sheria ya kuilinda, vibao vimeandikwa kwayo, na bungeni wanaitumia. Mwenzangu aliyewahi kufanya kazi Nuuk, Greenland, anasema huko watoto wanagombana na kupatana kwa lugha yao. Hawa si watu wa asili moja? Kwa nini kule lugha imesimama na huku inapungua? Na mgeni kama mimi nina la kufanya, au nikae pembeni?

JIBU: Dada yangu, asili yao ni moja, wote ni Wainuit. Wahenga wao walitoka Alaska wakasambaa kuelekea mashariki yapata miaka elfu moja iliyopita, na hadi leo kutoka kaskazini mwa Alaska mpaka mashariki ya Greenland kuna mnyororo mmoja wa lahaja. Jirani anamwelewa jirani, ila wa mwanzo wa mnyororo akikutana na wa mwisho wake watapata tabu kuelewana. Tofauti uliyoisikia kati ya Nuuk na Iqaluit usiitafute kwenye mapenzi ya watu kwa lugha yao, maana mapenzi yapo kote kuwili. Itafute kwa mwalimu. Greenland ilianza kusomesha walimu wake wenyewe, kwa lugha yao wenyewe, miaka ya 1840. Nunavut mpaka leo haina walimu wa kutosha wanaoweza kufundisha kwa Inuktitut, na sheria, hata iwe nzuri namna gani, haiingii darasani ikashika chaki.

Nianze na Greenland, kwa sababu watu husifu matokeo yake bila kujua yalivyopatikana. Mmisionari Hans Egede alifika mwaka 1721, na wamisionari waliomfuata walilazimika kujifunza lugha ya wenyeji ili wahubiri. Agano Jipya zima lilikuwa limeshatafsiriwa kufikia 1766. Wakati huohuo shirika la biashara la mfalme wa Denmaki lilishika ukiritimba wa biashara yote na kuzuia wageni kuingia hovyo, hali iliyodumu hadi katikati ya karne ya 20. Nia yao haikuwa kuilinda lugha. Walilinda faida yao, na waliwatazama Wagrinilandi kama watoto wa kulelewa. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba kwa karne mbili Wadenmaki waliokaa nchini walikuwa wachache, na kila mtoto alikua akisikia Kalaallisut, yaani lugha ya Wagrinilandi, nyumbani, kanisani na baharini.

Kisha yakaja mambo matatu yaliyofuatana kwa karibu. Chuo cha ualimu kilifunguliwa Nuuk miaka ya 1840, nacho kipo hadi leo kwa jina la Ilinniarfissuaq. Mwaka 1851 Samuel Kleinschmidt, aliyezaliwa hukohuko Greenland, alitoa sarufi na utaratibu wa tahajia uliofuata mantiki ya lugha yenyewe. Na mwaka 1861 likaanza gazeti la Atuagagdliutit, lililohaririwa na kuandikwa na Wagrinilandi. Fikiria maana yake: wakati huo watu wa pale walikuwa wanasoma habari za dunia, wanabishana na kuandikiana barua gazetini kwa lugha yao. Katekista aliyetoka chuoni alirudi kijijini kwao akafundisha watoto wa jirani zake. Hakuhitaji mkalimani, wala hakuwa akihesabu miezi ya mkataba ili arudi kwao kusini.

Pamoja na msingi huo, Greenland nusura iteleze. Mwaka 1953 ilifanywa sehemu rasmi ya Denmaki, na miaka ya 1950 na 1960 walimu wa Kidenmaki walimiminwa kwa wingi. Shule zikageuka, na wazazi wengi wakaamini mtoto asiye na Kidenmaki hana maisha. Kabla ya hapo, mwaka 1951, watoto 22 walichukuliwa kwenye familia zao wakapelekwa Denmaki ili wafinyangwe wawe raia wa aina mpya. Waliporudi, wengi wao waliwekwa katika nyumba ya watoto huko Nuuk, hali wazazi wao wako hai, na lugha ya mama ilikuwa imewatoka. Serikali ya Denmaki iliomba radhi Desemba 2020, wakati wengi wao walikuwa wameshakufa. Nikisoma habari za watoto hawa hasira hunipanda, na sioni sababu ya kuificha.

Kilichoiokoa Greenland ni kwamba kizazi cha miaka ya 1970 kiliposimama kudai, walimu walikuwepo, maandishi yalikuwepo, redio ilikuwepo. Tahajia ilirahisishwa mwaka 1973. Utawala wa ndani ulipoanza 1979 Kalaallisut ikawa lugha kuu, na tangu tarehe 21 Juni 2009 ndiyo lugha rasmi pekee ya nchi yenye watu kiasi cha 56,000. Mwenzako wa Nuuk hakutia chumvi. Akitaka kusema kweli yote, lakini, aongeze mawili. Masomo mengi ya juu na sehemu kubwa ya mambo ya sheria bado yamekaa kwenye Kidenmaki, na kijana asiyekijua anagonga ukuta. Pia Kalaallisut inayotawala ni ya magharibi. Watu wa mashariki na wale wa Qaanaaq kaskazini kabisa wana lahaja zao, na shule, vitabu na redio vinawapa lahaja ya magharibi. Lugha iliyookolewa kutoka kwa Kidenmaki yenyewe inawakalia wadogo zake.

Sasa turudi kwako, Nunavut. Huko Kanada serikali haikujishughulisha sana na Wainuit mpaka vita vya pili vya dunia, na ilipokuja ilikuja yote kwa mpigo. Kuanzia 1941 kila Mwinuit alipewa kidude cha mviringo chenye namba, cha kuvaa shingoni au mkononi, kwa sababu maofisa walishindwa na majina yao. Utaratibu huo ulidumu hadi kuingia miaka ya 1970. Miaka ya 1950 familia zilizokuwa zikiishi kambini kwa kufuata wanyama zilisukumwa kuhamia vijijini, na watoto wakaingizwa shule za serikali na za bweni ambako lugha ilikuwa Kiingereza na mwalimu alitoka kusini. Wapo wengi walioadhibiwa kwa kusema Inuktitut. Hao ndio mabibi na mababu wa vijana unaowaona leo. Mzazi aliyechapwa kwa sababu ya lugha yake anaweza kuipenda sana na bado akasita kumpa mwanawe.

Kuna sura moja ya historia hii inayokuhusu wewe moja kwa moja kama mtu wa afya. Kuanzia 1950 meli iliyoitwa C.D. Howe ilikuwa ikizunguka pwani za Aktiki kila kiangazi, ina mashine ya kupigia picha za kifua. Watu waliitwa melini kupimwa. Aliyeonekana ana kifua kikuu mara nyingi hakuruhusiwa kushuka tena hata kuaga. Meli ilimbeba moja kwa moja hadi hospitali za kusini, akakaa mwaka, miwili, mitatu. Kufikia 1956 takriban Mwinuit mmoja kati ya saba alikuwa huko. Kuna watoto waliorudi hawawezi kuzungumza na mama zao, na kuna waliokufa wakazikwa kusini bila ndugu kuambiwa kaburi liko wapi. Waziri mkuu wa Kanada alikuja hapohapo Iqaluit Machi 2019 kuomba radhi, na kazi ya kuwatafutia familia makaburi hayo ilianzishwa. Kwa hiyo bibi akikaa kimya mbele yako, usikimbilie kudhani hakukuelewa au ana kiburi. Inawezekana hospitali ndiyo iliyomchukua dada yake.

Nunavut ilizaliwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999, baada ya makubaliano ya ardhi ya 1993 kati ya Wainuit na serikali ya Kanada. Ni eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni mbili, lina vijiji na miji 25 isiyounganishwa na barabara hata moja, na sensa ya 2021 ilihesabu watu karibu 37,000, wengi mno wao Wainuit. Mwaka 2008 bunge lake lilipitisha sheria ya kulinda lugha ya Wainuit. Nimefuatilia sheria za lugha za nchi nyingi, na hii kwa maandishi ni mojawapo ya zilizo na meno zaidi: inampa mzazi haki ya kudai mtoto wake afundishwe kwa lugha yake, inampa mfanyakazi wa serikali haki ya kufanya kazi kwa lugha hiyo, na inagusa hata maduka na huduma za watu binafsi. Madarasa ya chini yangeanza mwaka 2009, na kufikia tarehe 1 Julai 2019 haki hiyo ingefika hadi darasa la mwisho la sekondari.

Julai 2019 ikapita. Walimu hawakuwepo. Mwaka 2020 bunge lilirekebisha sheria, likasogeza utekelezaji kwa awamu hadi 2039, na hata hapo kilichoahidiwa ni Inuktitut kama somo, si kama lugha ya kufundishia hesabu na sayansi. Shirika linalosimamia haki za Wainuit chini ya makubaliano ya ardhi, Nunavut Tunngavik, lilikwenda mahakamani mwaka 2021 kuishitaki serikali ya Nunavut yenyewe. Hayo ndiyo yaliyo nyuma ya vibao unavyoviona barabarani.

Jinsi shule inavyofanya kazi, wewe mtoto wa Tanga utaelewa haraka kuliko Mkanada yeyote. Mtoto anaanza kwa Inuktitut chekechea na madarasa matatu ya mwanzo, mahali ambapo mwalimu yupo. Akifika darasa la nne, Kiingereza kinamwangukia kwa ghafla, na mwalimu wake mpya hajui neno hata moja la kumsaidia kuvuka. Wewe umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili ukaingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Unajua darasa linavyonyamaza mwezi wa kwanza, na wangapi hawaamki tena kutoka kwenye ukimya ule. Thomas Berger, aliyewahi kuwa jaji, aliliandika tatizo hili katika ripoti yake ya 2006: robo tu ya watoto wa Kiinuit walikuwa wanamaliza sekondari, na kuruka huku kutoka lugha moja hadi nyingine, bila kuimarika kwa yoyote, alikuweka kwenye kiini cha tatizo. Kuna tofauti moja inayoumiza. Mtoto wa Tanga akitoka darasani anakuta mji mzima unaongea Kiswahili, kuna magazeti, mpira unatangazwa, mapenzi yanaimbwa. Mtoto wa Iqaluit akitoka nje anakuta Kiingereza kimeshafika kabla yake, na kimo ndani ya simu yake.

Berger aliligusa pia suala la kazi, na hapa ndipo naona uzito mkubwa. Makubaliano ya 1993, kifungu cha 23, yanataka watumishi wa serikali wawe Wainuit kwa kadiri ya wingi wao katika jamii, yaani zaidi ya wanane katika kila kumi. Wamekwama karibu na nusu, na nafasi za juu ndizo zenye upungufu mkubwa. Mwaka 2006 Nunavut Tunngavik iliishitaki serikali ya Kanada kwa kutotimiza makubaliano, yakiwemo ya mafunzo na ajira, na kesi ikaisha 2015 kwa maafikiano ya dola milioni 255.5 za Kanada. Sehemu kubwa ya fedha ilielekezwa kwenye mafunzo. Mzazi anaangalia haya yote kwa macho ya kawaida ya mzazi: mshahara mzuri unakwenda kwa anayejua Kiingereza cha ofisini. Ukitaka mzazi huyo aongee Inuktitut na mwanawe bila wasiwasi, mwonyeshe ofisi ambayo Inuktitut inalipa.

Na kuna kazi nyingine isiyo ya ofisini. Wengi wanaozungumzia utamaduni wa Wainuit huishia kwenye ngoma, uimbaji wa koo wa wanawake wawili wanaotazamana, na vinyago vya mawe. Ni vitu vizuri, navipenda. Lakini lugha hii ilikaa kwenye mawindo. Ulaya ilipozuia ngozi za watoto wa sili, mnyama wa baharini wanayemwinda, mwaka 1983, bei ya ngozi zote za sili ilianguka, hata zile za wakubwa ambazo Wainuit walikuwa wakiuza baada ya kula nyama. Mwindaji akakosa fedha ya mafuta na risasi. Asipokwenda barafuni, kijana naye hatoki, na majina ya aina za barafu, ya upepo, ya viungo vya mnyama, ya hatari zenyewe, hayana mahali pa kutamkiwa. Umoja wa Ulaya uliweka marufuku pana zaidi mwaka 2009, ukawaachia Wainuit mlango kwenye karatasi, lakini soko lilikuwa limeshaharibika. Waliopiga kampeni ile hawakukusudia kuua lugha. Waliidhuru hata hivyo.

Mtazame mama mzee akiwasha qulliq, ile taa ya jiwe yenye umbo la mwezi nusu, utaelewa ninachosema. Mafuta ya sili yanayeyuka taratibu kwenye bakuli la jiwe. Utambi unapangwa ukingoni kwa mstari mrefu, umetengenezwa kwa sufi ya mmea wa porini, na mama anapita na kijiti kuutandaza na kuusawazisha ili mwali uwe mfupi, mweupe, usitoe moshi. Mkono hautulii. Akimfundisha binti, kila tendo lina kitenzi chake na kila kosa lina onyo lake, na binti anajifunza vitenzi hivyo kwa kuunguza vidole. Ukimpa binti huyohuyo orodha ya maneno hayo darasani, kesho hana hata moja.

Kwa hiyo uliponiuliza moyoni, naamini, kama kuna tumaini, jibu langu linatoka kwa wanaofanya kazi kwa mtindo huo. Katika eneo la Kitikmeot, magharibi ya Nunavut, kuna lahaja ya Inuinnaqtun ambayo imebakiwa na wasemaji mamia machache, wengi wao wazee. Huko Cambridge Bay wameutumia utaratibu wa mkufunzi na mwanagenzi uliobuniwa kwa lugha za asili za California: mzee mmoja na mtu mzima mmoja wanashinda pamoja, wanapika, wanashona, wanatengeneza nyavu, Kiingereza hakiruhusiwi. Ni polepole na ni ghali, unapata msemaji mmoja mmoja. Nauunga mkono kwa nguvu zote, kwa sababu anayetoka hapo ni mtu mzima anayeweza kulea mtoto kwa lugha hiyo, na uzi uliokatika unaanza kufungwa palepale ulipokatikia. Iqaluit kwenyewe kuna kituo cha Pirurvik, kilichoanzishwa 2003, kinachofundisha watu wazima, wakiwemo wageni kama wewe. Nacho ndicho kilicho nyuma ya tovuti ya mafunzo iitwayo Tusaalanga, yenye sauti za wasemaji wenyewe.

Nakupa mfano wa Kaktovik kwa sababu unanifurahisha kila nikiukumbuka. Ni kijiji kidogo pwani ya kaskazini ya Alaska. Watu wa pale, Wainupiat, huhesabu kwa ishirini, vidole vyote vya mwili, na ndani ya ishirini wanakwenda kwa tano tano. Tarakimu za shuleni zimejengwa kwa kumi, kwa hiyo hesabu ya babu ilikuwa haiandikiki. Mwaka 1994 wanafunzi wa shule ya pale waliamua kubuni tarakimu zao. Vistari vya wima vinavyoungana kwa pembe ni moja moja, mpaka nne. Kistari cha kulala juu yake ni tano. Walibuni na alama ya sifuri, maana hesabu ya kimapokeo haikuwa nayo. Kisha wakagundua kwamba kwa alama hizo kujumlisha na kugawanya kunaonekana kwa macho, unaziona alama ndogo zikiwa zimekaa ndani ya kubwa. Watoto walizipeleka kwa wazee wao. Mwaka 2022 tarakimu hizo ziliingizwa kwenye Yunikodi, orodha ya kimataifa ya alama za kompyuta. Pale lugha ilifanya hesabu mpya, nami naamini hapo ndipo mtoto anapoiheshimu, zaidi ya anapoambiwa ailinde kwa ajili ya mababu.

Televisheni nayo ina kisa chake. Kijiji cha Igloolik kilipiga kura mwaka 1975 na tena 1979 kukataa televisheni, kwa sababu hakukuwa na kipindi cha Inuktitut. Walikubali mwaka 1983, baada ya shirika la utangazaji la Wainuit kuanza kazi. Kijiji hichohicho ndicho kilichokuja kutoa filamu ndefu ya kwanza iliyozungumzwa yote kwa Inuktitut, ikapata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2001. Na tangu Januari 2021 kuna kituo kizima cha televisheni, Uvagut, kinachorusha kwa lugha hiyo.

Hukuuliza juu ya maandishi, lakini utaulizwa wewe, kwa hiyo uwe na la kusema. Zile alama za pembetatu na ndoano unazoziona kwenye vibao ni herufi za silabi. Zilibuniwa kwa ajili ya Wakrii, jirani zao wa kusini, karibu 1840, kisha mmisionari Edmund Peck akazieneza kwa Wainuit wa mashariki, nao wakafundishana wenyewe kwa wenyewe, kambi kwa kambi. Magharibi ya Nunavut, Labrador iliyo pwani ya mashariki ya Kanada, na Alaska wanaandika kwa herufi za Kilatini, kila mmoja kwa tahajia yake. Kanada peke yake ilikuwa na mifumo tisa. Mwaka 2019 shirika la taifa la Wainuit, Inuit Tapiriit Kanatami, lilipitisha tahajia moja ya Kilatini ili vitabu vya shule viweze kuchapwa kwa wingi na mwalimu wa mkoa mmoja atumie kitabu cha mwingine. Halikufuta silabi. Wazee wengi hata hivyo wanaona hatari, kwa sababu silabi wanazihesabu kuwa zao kabisa. Sisi watu wa Kiswahili tulipita njia hii. Tuliandika kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa, tukazihama, na mwaka 1930 kamati iliyoundwa na watawala wa Kiingereza ikasanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja huku watu wa Mombasa wakinung'unika, na haki yao walikuwa nayo. Tulipata vitabu vya kwenda nchi nzima. Tulipoteza wasomaji wa maktaba nzima za mashairi. Mimi ningekuwa Mwinuit ningeikubali tahajia moja kwa vitabu vya shule, na ningepigania silabi zibaki kanisani, gazetini, kwenye vibao na mikononi mwa watoto.

Kuhusu kompyuta nitasema kidogo. Kumbukumbu za bunge la Nunavut, zinazotoka kwa Inuktitut na Kiingereza tangu 1999, zilitolewa mwaka 2020 zikiwa jozi za sentensi zipatazo milioni 1.3, na mwaka uliofuata Microsoft iliongeza Inuktitut kwenye programu yake ya kutafsiri. Ni msaada mkubwa kwa anayeandika barua ya ofisi. Lakini programu iliyofunzwa kwa mijadala ya bajeti haijui maumivu ya tumbo. Usiitumie kumwuliza mgonjwa anatokwa na damu tangu lini. Mwite mkalimani.

Na hapo tumefika kwako. Usikae pembeni, dada. Wageni wanaokuja Nunavut kwa mkataba wa mwaka au miwili ni wengi, na kila mmoja wao anapoingia chumbani, Wainuit watano waliokuwa wakiongea lugha yao wanahamia Kiingereza kwa adabu. Jambo hili likitokea mara kumi kwa siku, katika kila ofisi, mtoto anayesikiliza anajifunza lugha ipi hupisha. Ukiingia wodini ukawakuta wanaongea, waambie waendelee. Kaa nao bila kuelewa. Salamu ya asubuhi ni ullaakkut, hujambo ni qanuippit, asante ni qujannamiik. Tamka hata kama watacheka, maana watacheka kwa furaha.

Ukimwuliza mtoto swali naye akainua nyusi bila kusema kitu, ameshakujibu ndiyo. Akikunja pua, amekataa. Wauguzi wapya huandika kwamba mgonjwa hajibu, wakati amejibu mara tatu.

Na majina uyashike kwa uangalifu. Mtoto hupewa jina la aliyefariki, na ndugu humwita kwa udugu wa yule marehemu. Usishangae mama mzee akimwita kichanga uliyemzalisha "mume wangu" au "baba". Kwetu pia babu hurithiwa jina na mjukuu akatambulikana kwa hilo, kwa hiyo hutapata shida kuelewa. Kule lakini jambo hili lina kina zaidi, linaamua nani anamheshimu nani na nani hagombezwi. Unapoandika jina kwenye faili, uliza linavyotamkwa, uliza linavyoandikwa, usilikate. Watu hawa waliwahi kuitwa kwa namba.

Kama una mtoto, mpeleke mahali wanapolea kwa Inuktitut, na nyumbani muongee Kiswahili. Kiingereza atakipata tu, hakuna namna ya kukikwepa. Majirani zako wataona mgeni anayeshikilia lugha yake mwenyewe na bado anajifunza ya kwao, nao watakuchukulia kwa uzito.

Mwisho, angalia ratiba ya wakalimani hospitalini kwako. Mchana huwa wapo. Ukikuta usiku na wikendi hakuna zamu, na bibi aliyeletwa saa nane za usiku anatafsiriwa na mjukuu wa miaka kumi na miwili mambo ambayo mjukuu hapaswi kuyasikia, liandike hilo kwa uongozi, kwa tarehe na saa, bila kutaja jina la mgonjwa. Sheria ya 2008 iko upande wako, na malalamiko yanaweza kupelekwa kwa kamishna wa lugha wa Nunavut. Muuguzi mgeni akiandika, pamoja na wenzake Wainuit ambao wamekuwa wakilisema jambo hilo miaka yote, zamu ya mkalimani wa usiku ni kitu kinachoweza kupatikana.